Njoo Nikunuse

Mimi nina pua. Sijisifu, ndivyo nilivyoumbwa. Tangu utotoni mama alikuwa akinipa maziwa niyanuse kwanza kabla hajayatia chai, na nikisema yamechacha, yamechacha, hata kama baba anaapa ni mazima. Huko maabara wakanibandika jina la Bi Pua. Waliniita hivyo kisogoni, na mimi nikajifanya sijui, maana jina lenyewe nililipenda.

Kazi yetu nayo ilikuwa ya pua. Tulikuwa tunatengeneza vibao vya kunusa. Kibao ni kipande cha silikoni, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Unakilaza ndani ya kikombe maalumu, unakimiminia asidi iliyochanganywa na spiriti, unapitisha umeme kidogo, na ile asidi inakitoboa vitundu visivyo na idadi, vidogo mno hata darubini ya kawaida haivioni. Kikitoka hapo kina rangi. Si rangi ya kupaka, la hasha. Ni mwanga unaoingia vitunduni na kurudi ndio unaokipa rangi. Vyetu vilitakiwa viwe kijani, kijani cha jani changa. Mvuke wa gundi ukiingia vitunduni, kijani kinahama, kinakwenda manjano, kinakwenda wekundu. Ukikipuliza hewa safi kinarudi kijani. Basi mtu wa kiwanda cha viatu akikibandika kifuani anajionea mwenyewe kama hewa anayoivuta inamuua au bado.

Ila kitu chenye vitundu hakichagui. Kama mkate uliolazwa karibu na mafuta ya taa, kinabeba chochote kilicho jirani. Kinakunywa mvuke wa sumu, na mafuta ya mwilini mwako kinakunywa pia. Mvuke hutoka. Mafuta hayatoki, yanaziba, na kibao kinabaki na manjano ya homa hata ukikipuliza hewa safi mpaka kesho.

Wifi yangu aliingia pale kwa mkono wangu. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ajira yake ilikuwa imeota mbawa, alikuja kwangu amejikunyata kama kuku wa mvua. "Dada, nifanyie hisani. Mtafutie mwenzangu nafasi hapo kwenu. Ana mikono mizuri." Nyumbani kwao walikuwa watano, pamoja na mama yetu mzazi, na hakuna aliyekuwa na kazi. Nikaongea na Daktari, mkuu wetu wa maabara, mtu mwembamba mwenye woga wa wakaguzi kuliko woga wa Mungu. Akakubali. Wifi apewe miezi mitatu ya majaribio. Vibao vyake vikikaa kijani, ataandikwa kazi ya kudumu. Visipokaa, amwage unga arudi nyumbani.

Wiki ya kwanza tu, nikajua nimejiletea balaa.

Kibao changu mimi, baada ya miaka kumi na moja ya kazi, kilikuwa na kijani kizuri katikati na pete ya kahawia pembeni. Kila mtu hupata pete. Nilikuwa nimewafundisha watu wote pale kwamba pete haikwepeki. Wifi akatoa kibao kijani ukingo hadi ukingo, laini, hakina doa. Daktari akakishika kwa kibano akakigeuza dirishani, akaniita mbele ya wote. "Njoo uone. Hiki hakina pete kabisa!"

Nikaenda nikaona. Nikasema, "Hongera, wifi." Akainamisha macho, akasema, "Ni wewe uliyenifundisha, wifi yangu." Moyo ulinichoma, sitaficha. Miaka kumi na moja, na hakuna siku Daktari aliita mtu aje aone cha kwangu.

Sasa vibao vikishatengenezwa huwekwa akiba wiki mbili, kisha hupimwa kwenye mashine ya rangi, tuone kama kijani kimehama. Tulikuwa na vyupa vinne vya kioo vyenye vifuniko vya chuma kwa kazi hiyo, na vyote nilikuwa nimevitia alama yangu. Wifi akaniomba kimoja. Nikamwambia, "Vyupa vyangu havigawanywi kama karanga." Lakini kesho yake nikaona haya kidogo, nikapita duka la vito, nikamnunulia visanduku vya kuwekea pete, vya plastiki, ndani vina sponji nyeusi laini. Akavipokea kwa mikono miwili. Alifurahi kama mtoto wa sikukuu, eti vibao vyake vimepata vitanda.

Wiki mbili zikaisha. Vyangu, na pete zao, havikuhama. Vya wifi, vile vizuri vya kuitiwa watu, vilikuwa vimekwenda manjano vyote.

Daktari akavipuliza hewa safi. Vikabaki manjano. Akavitia kwenye tanuri dogo, vikarudi nusu, vikagoma. Akavua miwani. "Kuna mafuta," akasema. "Mtu anatia mafuta humu ndani."

Hakuniuliza mimi. Mimi ndiye niliyejibu. "Wifi yangu anapaka mafuta kichwani, Daktari. Nanusa kila asubuhi akipita."

Na ilikuwa kweli, alikuwa anapaka. Wifi alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, alizisuka mwenyewe na kuzitia mafuta kidogo, kama mwanamke yeyote mwenye nywele. Akageuka kunitazama. Daktari akasema mafuta mwisho leo, na Bi Pua ndiye atakayesimamia.

Jamani, kumpa mtu kama mimi cheo kama hicho! Kila asubuhi saa mbili nikawa nasimama mlangoni na koti langu jeupe, watu wakipita, na wifi akitokea nainua kidole. "Njoo nikunuse." Anakuja. Ananiinamishia kichwa. Nanusa utosi, nanusa shingo, nanusa viganja vyote viwili, pole pole, mbele ya wenzake, huku fundi wa umeme akijificha nyuma ya mashine ya rangi acheke. Siku ya kwanza nilinusa sabuni ya kipande, nikamrudisha akaoge upya kwenye bomba la ua. Siku ya tatu nilinusa vitunguu, nikamwambia jikoni kwake apike mwingine. Siku ya tano sikunusa kitu. Nikamwambia, "Bado yapo kidogo."

Sijui kwa nini nilisema vile. Najua. Nilitaka kuona atafanya nini.

Akaacha mafuta. Akaacha losheni. Akawa ananawa mikono kwa spiriti mara kumi kwa siku, ngozi ikapauka, ikapasuka kwenye viungo vya vidole kama udongo wa kiangazi. Wiki mbili nyingine zikapita. Vibao vipya vya wifi vikatoka manjano.

"Nywele," nikasema. "Mafuta ya miaka hayatoki kwa kuoshwa."

Daktari alikunja uso. Alikuwa muungwana kwa kiasi chake. "Hilo ni juu yake mwenyewe," akasema, akaondoka kwenda kupokea simu. Wifi akaniuliza, "Wifi, zikitoka, vitakaa kijani?" Nikamjibu, "Samaki wa shida hachagui ndoano." Hata si methali hiyo, nimeitunga papo hapo, lakini niliisema kwa sauti ya methali naye akaitikia. Nikamnyoa mimi mwenyewe, mchana wa Jumamosi, uani kwao, kwa mashine ya mdogo wangu. Mama yetu alikaa kibarazani akiangalia, akasema, "Mwanangu, wewe una roho gani?" Nikamwambia, "Mama, hii ni sayansi."

Mdogo wangu hakutoka ndani. Wifi alikusanya nywele zake kwenye gazeti, akazifunga vizuri, akaziweka kabatini. Nikaona machozi, nikajifanya napuliza nywele zilizonasa kwenye mashine.

Halafu ukaja ule usafi mkuu. Wakaguzi walikuwa waje baada ya wiki sita, na Daktari alitaka vibao kumi na viwili visivyo na pete na visivyohama. Kumi na viwili hivyo, nani angevitoa kama si wifi? Lilikuwa jaribio lake la mwisho. Nikachukua mfuko wa taka, nikapita maabara nzima. Chochote kinachoteleza vidoleni, nje. Losheni ya fundi wa umeme, nje. Mafuta ya midomo ya karani, nje. Nikafungua sanduku la huduma ya kwanza, nikakuta tyubu moja ya jeli.

Hapa nitasema taratibu, maana hapa ndipo watu huniuliza kama sikujua. Nilijua. Asidi yetu si kama asidi nyingine. Inakula kioo, na ikikugusa haiunguzi papo hapo kama maji ya moto. Inaingia kimya kimya, inashuka chini kutafuta mfupa, na wewe unaendelea na kazi zako huku unawashwa kidogo. Ile jeli ina kalsiamu. Ukiipaka mapema, asidi inashika kalsiamu ya jeli, inaachana na ya mfupa wako. Ndiyo dawa ya kwanza, nilifundishwa siku yangu ya kwanza kazini. Lakini miaka kumi na moja hakuna aliyeigusa, nami nikaibonyeza ikateleza kidoleni, nikasema mafuta ni mafuta. Sikuitupa, jamani, msinifanye mnyama. Niliipeleka chini kwa mlinzi wa geti. "Iweke kwenye droo yako mpaka wakaguzi waondoke," nikamwambia. Akasema, "Sawa, mama." Sikumwambia ni ya nini.

Siku ya kazi ile wifi alifika mapema. Nikamnusa, nikampitisha. Akavaa glavu, miwani, aproni nzito, akainama kwenye kabati lenye feni ya kufyonza mvuke, akaanza. Nitampa haki yake. Alivyokuwa akishika kibano ungedhani anamlisha ndege. Kibao cha kwanza, cha pili, cha tatu, akivisuuza na kuvipanga kwenye sahani ya kioo. Kijani tupu.

Saa nne na nusu hivi akaniita. "Wifi, kidole kinaniwasha."

Nilikuwa naandika. Sikuinua kichwa. "Vidole vyako vinawasha kila siku."

"Hiki kinawasha kwa ndani."

"Umebakiza vingapi?"

"Saba."

"Basi maliza saba hivyo. Ukivua glavu sasa na kuanza kujipangusapangusa, Daktari atasema umetia mafuta tena. Unataka kumwaga unga kwa ajili ya kuwashwa?"

Akarudi kwenye kabati. Nilimwona akikunja kidole cha shahada na kukikunjua, kukikunja na kukikunjua, na kazi inaendelea. Na kweli hakuwa na namna ya kujua. Ngozi yake ilikuwa imepasuka, ikichomwa na spiriti wiki nzima, maumivu ya jana na ya leo yalifanana. Angejuaje kwamba leo glavu ilikuwa na tundu?

Alimaliza saa saba. Akafunika sahani kwa bakuli la kioo, akavua glavu, akanionyesha mkono. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vyeupe ncha zake, weupe wa nta, na kucha zimeanza kuwa za kijivu. Hakuwa analia. Alikuwa anatetemeka meno. "Wifi," akasema, "naona kama mfupa ndio unaouma."

Nikaruka. Nikafungua sanduku la huduma ya kwanza kana kwamba mimi siye niliyeitoa ile tyubu. Nikakumbuka. Nikashuka ghorofa tatu mbio, kiatu kimoja kikanitoka ngazini, nikafika getini natweta. "Ile tyubu! Nipe ile tyubu!"

Mlinzi akafungua droo, akaitoa, imekunjwa kama tyubu ya dawa ya meno iliyokwisha. "Mama, hii dawa kiboko," akasema, akanyanyua mguu. "Tazama magaga yangu, yote yamekufa." Alikuwa ameipaka visiginoni, asubuhi na jioni, akaimaliza.

Tulimweka wifi mkono kwenye maji ya bomba mpaka gari likapatikana. Ndani ya gari alianza kupiga kelele, na hakuacha mpaka walipomchoma sindano hospitalini. Daktari wa pale, yule wa watu, aliuliza swali moja tu. "Kwa nini hakupakwa jeli?" Daktari wetu akanitazama. Nikasema, "Iliisha." Na si uongo, iliisha. Siku ya nne wakamkata vidole vyote viwili, kwenye kiungo cha pili, mkono wa kulia.

Watu wakanisifu. Mnasikia? Mdogo wangu alinishika mabega mbele ya wodi akasema, "Dada, bila wewe angekufa." Mimi ndiye niliyemkimbiza, mimi ndiye niliyelala kwenye benchi. Mama yetu peke yake hakunisifu.

Wiki ya tatu ilipoisha nikaingia maabara kusafisha kwa ajili ya wakaguzi. Sahani ya wifi ilikuwa pale pale alipoiacha, chini ya bakuli la kioo. Hakuna aliyeigusa, kila mmoja aliiogopa. Nikafunua.

Kumi na viwili. Kijani cha jani changa, ukingo hadi ukingo.

Nikavipeleka kwenye mashine ya rangi kimoja kimoja, nikavipanga kwenye sahani nyingine. Siku ishirini na mbili, na havijahama hata unywele. Nikakaa chini. Mikono iliyotengeneza ilikuwa ile ile, yenye mafuta yake kama yapo. Chumba kilikuwa kile kile. Asidi ile ile. Kitu kimoja tu hakikufanyika safari hii. Mwenyewe alikuwa hospitalini, hakuna aliyeviweka vitandani.

Nikachukua kisanduku kimoja cha pete. Nikakifungua, nikaingiza pua yangu kwenye ile sponji nyeusi, pua hii ya kunusa maziwa. Ilikuwa hafifu, lakini ilikuwepo, harufu ya kiatu kipya, yale mafuta yanayolainisha plastiki. Miezi miwili nilikuwa nanusa shingo ya mtu, na kisanduku kiko mezani, kimefungwa. Ili nihakikishe, nilichukua kimoja cha vibao vyangu vyenye pete nikakilaza humo. Siku ya pili kilikuwa manjano.

Nilikuwa bado nimekishika wakati Daktari alipoingia. Nikakitia mfukoni. Yeye akaona sahani, akasimama, akatoa miwani akaifuta, akaivaa tena. "Hivi ni vya nani?"

Alikuwa na sauti ile ile, ile ya njoo uone.

"Vyangu," nikasema.

"Havina pete!"

"Nimejifunza."

Akaita karani, akaita fundi wa umeme, wakaja wakaona. Visanduku nilivitia kwenye mfuko wa taka jioni ile, vyote, na sponji zake.

Wakaguzi walikuja, wakapuliza mvuke, vibao vikageuka vyekundu. Wakapuliza hewa safi, vikarudi kijani kama si vyenyewe. Walinipa mkono. Siku hiyo hiyo Daktari akanivuta pembeni. "Roho inanisuta kuhusu wifi yako," akasema. "Vidole hana, lakini macho anayo. Ninaweza kumkalisha kwenye mashine ya rangi, kazi ya kudumu. Kitu kimoja tu kinanizuia: mtu anayechafua chumba siwezi kumrudisha chumbani. Kama kuna namna ya kuonyesha uchafu haukuwa wake, niambie. Wewe ndiye unayemjua." Nikamwambia nitafikiria.

Nikaenda kwao. Wifi alikuwa kitandani, amekalia mto, mkono umefungwa bendeji. Nywele zimeanza kuota, fupi fupi. Mdogo wangu akanipa kiti, akatoka. Kumbe Daktari alikuwa ameshampigia simu wifi mwenyewe, akamweleza ile kazi na kinachomzuia.

"Wifi," akasema, "nikuulize jambo, uniambie kweli. Nikila nalifikiria, nikioga nalifikiria. Nilijisugua mpaka damu, wifi. Unanijua. Yale manjano, yalikuwa ni mimi kweli?"

Mlangoni kwa jikoni mama yetu alikuwa amesimama na sufuria mkononi, haendi wala harudi.

Ningesema la. Neno lenyewe silabi moja. Lakini baada ya la kungekuwa na kisanduku, na baada ya kisanduku kungekuwa na tyubu, na baada ya tyubu kungekuwa na "maliza saba hivyo", na baada ya yote hayo vingekuwepo vibao kumi na viwili na mwenye navyo.

"Ndiyo, wifi," nikasema. "Yalikuwa mafuta yako."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi. Halafu akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. "Basi nisamehe," akasema. "Nimekuaibisha kazini kwako, na wewe ndiye uliyeniingiza." Nikasema yaishe. Akafuta macho kwa bendeji. "Sijapaka kitu tangu siku ile, haki ya Mungu. Hata hospitalini walinipa mafuta nikakataa. Pengine Daktari akisikia nimetakata…" Akaniinamishia kile kichwa chake, kama asubuhi zote zile za mlangoni. "Ninuse, wifi."

Nikainama nikamnusa. Utosi, shingo, kiganja. Hakunuka chochote, alikuwa safi kama maji ya mvua.

"Bado yapo kidogo," nikamwambia.